Bajeti si ya wenye mshahara pekee
Wengi hapa Dodoma huamini kwamba bajeti ni ya mwenye mshahara, kwa kuwa mkulima wa zabibu au muuza mboga wa soko la Majengo hajui kesho ataingiza kiasi gani. Ukweli ni kinyume: kipato kinachoyumba ndicho kinachohitaji bajeti zaidi. Zabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka, hivyo fedha ya msimu mmoja hulisha nyumba karibu miezi 6. Aliyepata shilingi 1,800,000, akishatenga 600,000 za samadi, dawa na vibarua, amebakiwa na 200,000 tu kwa mwezi, hata kama mkononi zinaonekana nyingi. Muuza mboga naye aandike mauzo ya kila siku daftarini kwa mwezi mzima, kisha apange matumizi kwa kipimo cha wiki iliyokuwa mbaya kuliko zote, mtaji ukiwa umeshawekwa kando.