Land Rover ya zamani ikigonga: hesabu mlio kabla ya kufungua injini

Injini ya petroli ya Land Rover Series III, ile ya cc 2,286, ina kelele zake hata ikiwa nzima. Ndiyo maana gereji nyingi hapa Dar hukimbilia neno moja: imenoki, yaani beringi za kranki zimekufa. Sampo (bakuli la oili chini ya injini) inashushwa, metali (ndizo beringi hizo) zinanunuliwa Gerezani, injini inafungwa upya, na mlio uko palepale kwa sababu haukutoka chini.

Kwanza toa feni belti, uwashe injini kwa nusu dakika tu. Kwa joto letu usizidishe. Mlio ukipotea, kamata wota pampu na alteneta, utikise shafti zake kwa mkono. Ukibaki, chukua taa ya taimingi, ile inayomweka plagi inapotoa cheche, uifunge kwenye waya wa plagi namba 1. Plagi hiyo hutoa cheche mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili, na kamshafti, shafti inayofungua valvu, nayo huzunguka mara moja tu katika muda huo. Sikiliza huku ukitazama taa. Mlio mmoja kwa kila mmweko, mara nyingi ni tapeti, pushirodi au mkono wa pampu ya petroli. Miwili kwa mmweko mmoja, shuka kwenye kranki. Kinachovuruga hesabu ni pistoni iliyolegea, maana inaweza kusikika mara moja tu kwa mmweko, lakini hiyo hupungua injini ikishapata moto.

Nafasi ya tapeti zote, za kuingiza na za ekzosi, kati ya roka na valvu, ni 0.25 mm. Hesabu valvu kuanzia mbele: ya 8 ikiwa imefunguka kabisa rekebisha ya 1, ya 6 ikifunguka rekebisha ya 3, jumla iwe 9 daima. Hapa ndipo wengi hukwama: fila (bati jembamba la kupimia nafasi) inapita sawasawa, na tapeti bado inalia. Sababu ni uso wa roka unaokanyaga valvu, ambao huchimbika kadiri unavyotumika. Fila ni bapa, inalala juu ya kingo za kishimo kama ubao juu ya mtaro, na nafasi halisi chini yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Toa roka, pitisha ukucha kwenye kila uso. Ukinasa, roka hiyo ikasagwe au ibadilishwe. Usikaze kwa kubahatisha ili kelele iishe. Valvu ya ekzosi isiyofunga vizuri huungua.

Gasketi ya manifodi ya ekzosi nayo hulia kama tapeti, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Tafuta masizi meusi kwenye maungio, au weka ncha moja ya bomba la mpira sikioni na nyingine uipitishe taratibu kando ya gasketi.

Kama hesabu imekushusha chini, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira, ukiugusisha kwenye bodi ya injini ili koili isiumie. Silinda ambayo mlio wake unafifia ukiizima, konrodi yake, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ndiyo ya kutiliwa shaka. Mlio ukigeuka kuwa wa mapigo mawili, shuku pini ya pistoni. Kisha funga geji ya oili: injini ikiwa na moto, kwenye mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, inatakiwa kusoma psi 35 hadi 65. Kumwaga oili nzito zaidi ili mlio unyamaze mimi sioni kama ni matengenezo. Ni kuahirisha bili.

Ukishusha sampo, geuza metali ya zamani usome mgongoni: STD (saizi ya kiwandani), 010 au 020 (kranki ilishachongwa elfu 10 au 20 za inchi). Pima kranki kwa maikromita kabla ya kununua saizi hiyohiyo, kwani huenda nayo imeliwa. Na ukiulizia metali za kranki dukani, taja idadi ya beringi kuu: injini za awali zina tatu, za kuanzia 1980 zina tano.