Ateri ya pili ya figo: tunachotafuta kwenye picha kabla ya kumpasua mchangiaji

Ndugu wanaokuja Dodoma kumchangia mgonjwa wao figo huuliza swali moja karibu wote: "Daktari, mbona mnataka ya kushoto?" Jibu liko kwenye mishipa. Vena ya figo ya kushoto, yaani mshipa unaotoa damu kwenye figo, hukatiza mbele ya aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) ndipo iingie kwenye vena kava (mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni), kwa hiyo ni ndefu, mara nyingi sentimita 6 hadi 10. Ya kulia ina 2 hadi 4 tu, na ukuta wake ni mwembamba. Ukiikata fupi, mwenzako upande wa mpokeaji hana cha kushonea. Lakini figo moja ikiwa dhaifu kuliko nyingine, urefu wa vena hauna uzito tena: iliyo bora inabaki kwa mchangiaji. Sharti hilo halijadiliwi.

Vena ndiyo nusu rahisi. Upandikizaji ulipoanza hapa jijini mwaka 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa, swali la ateri, mishipa inayoleta damu kwenye figo, lilikuja nao, kwa sababu takribani mtu mmoja kati ya wanne ana ateri zaidi ya moja kwenye figo ya upande mmoja au zote mbili. Huu si ugonjwa. Mtoto akiwa tumboni, figo huanzia chini kwenye nyonga na kupanda taratibu, na kila hatua hupata ateri mpya kutoka juu huku ile ya chini ikinywea. Isiponywea, mtu anazaliwa nayo na anazeeka nayo bila kujua.

Shida ni kwamba ateri za figo hazisaidiani. Fikiria mipira ya matone kwenye mashamba ya zabibu ya Chinangali: ukiuziba mmoja, mstari wake unakauka, na mpira wa jirani hauna njia ya kuufikia. Ukifunga ateri ya figo, kipande chake kinakufa. Vena ni tofauti, kwa kuwa zinaungana ndani ya figo; ndogo unaweza kuifunga bila hofu.

Kwa hiyo ripoti ya CT (picha za eksirei za vipande vipande) inayosema "figo zote ni za kawaida" hainitoshi. Nataka vipande vya milimita 1, picha ya ateri ikipigwa takribani sekunde 25 hadi 30 baada ya kuchoma dawa ya kuonyesha mishipa, kisha ya vena, kisha ya mkojo kuona kama kuna mirija miwili upande mmoja. Nataka idadi ya ateri, kipenyo cha kila moja, na umbali kutoka aota hadi tawi la kwanza. Umbali huo ukiwa chini ya sentimita 1.5, klipu au stepla ya kuufunga mshipa inaula wote, na ateri iliyoonekana moja kwenye picha inatoka mbili mkononi. Upande wa kulia pima kuanzia ukingo wa vena kava, maana sehemu iliyojificha nyuma yake haifikiki kwa urahisi.

Ateri ndogo ya ncha ya juu, chini ya milimita 2, mara nyingine tunaiacha. Ya ncha ya chini haiachwi hata ikiwa nyembamba kama uzi, kwa sababu huwa inalisha pia mwanzo wa mrija wa mkojo. Ikifungwa, mrija unaoza, na mkojo unavuja siku au wiki kadhaa baadaye: maji ya dreni (mpira wa kutoa majimaji kwenye kidonda) yanaongezeka, na ukiyapima, kreatinini yake (taka inayotolewa na figo) iko juu sana kuliko ya damu. Ndiyo maana pia mafuta yaliyo kati ya ncha ya chini, mrija na mlango wa figo (mahali mishipa inapoingia na kutoka) hayaguswi. Msaidizi anayependa kusafisha kila kitu king'ae ni wa kumzuia hapo.

Kwa vena ya kushoto, watu 2 hadi 3 kati ya 100 wanayo nyuma ya aota badala ya mbele. Kwa wengine imegawanyika ikaizunguka aota kama pete, na hii naiogopa zaidi: unaona mkono wa mbele, unaridhika, kisha unauchana wa nyuma ukiwa unaisafisha ateri. Damu inatoka mahali usipopaona.

Figo ikishatoka, inawekwa kwenye barafu. Ateri mbili zinazolingana zinapasuliwa kidogo ubavuni na kushonwa pamoja kwa uzi mwembamba sana wa polipropilini, namba 7-0, zinakuwa kama kiuno cha suruali juu ya miguu miwili. Zikitofautiana, ndogo inashonwa ubavuni mwa kubwa. Ya ncha ya chini inaweza kupelekwa kwenye ateri ya epigastriki ya chini, iliyo kwenye ukuta wa tumbo la mpokeaji.

Wakati wa kuisuuza kwa maji ya baridi, usimwangalie mtu, angalia figo. Inapauka yote kwa pamoja, kutoka wekundu wa ini hadi rangi ya kijivu. Doa likibaki jekundu upande mmoja, kuna ateri imekatwa bila kuonekana. Tafuta mdomo wake kwenye mafuta ya mlangoni, ingiza kanula (mrija mdogo wa plastiki) ya njano namba 24, suuza taratibu hadi doa lipauke, na uiwekee alama ya uzi kabla hujaanza kushona chochote.