Dhana potofu kuhusu utafiti wa tiba, na kwa nini matokeo mengi hayarudiki

Kampuni ya dawa ya Amgen ilikuwa na desturi ya busara. Kabla ya kumwaga fedha kutengeneza dawa mpya ya saratani, wanasayansi wake walirudia kwanza utafiti uliotoa wazo hilo. Kwa takriban miaka kumi walizijaribu tafiti 53 zilizosifiwa kuwa zimefungua njia. Zilizotoa matokeo yaleyale zilikuwa 6. Glenn Begley, aliyekuwa akiongoza utafiti huo wa saratani, aliyaeleza hayo mwaka 2012 katika jarida la Nature akishirikiana na Lee Ellis. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Bayer, kampuni nyingine ya dawa, walikuwa wamepitia miradi yao 67 na kukuta kwamba ni kama robo tu iliyokubaliana na yaliyokuwa yamechapishwa.

Habari ya namna hii ikivuja huzusha kelele za aina mbili. Wapo wanaosema "si tuliwaambia, hawa wanatunga tu", na wapo wanaojibu kwamba sayansi hujisahihisha yenyewe, kana kwamba makosa hukauka kama umande. Kwangu mimi hawa na wale wanakula sahani moja. Wote wanauchukulia utafiti mmoja kama hukumu, wakati ni shahidi mmoja tu, na shahidi anaweza kukosea bila kusema uongo.

Dhana: "Matokeo yasiporudika, ujue mtafiti alipika takwimu"

Wapishi wapo, tusifichane. Makala ya Andrew Wakefield iliyotoka katika The Lancet mwaka 1998, ikiwa na watoto 12 tu, ilihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010, madhara yakiwa yameshatembea dunia nzima. Na uchambuzi wa makala 2,047 za tiba na baiolojia zilizofutwa, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili zilifutwa kwa utovu wa maadili: udanganyifu, wizi wa maandishi, au kuchapisha kitu kilekile mara mbili.

Lakini hizo ni zilizofutwa. Matokeo mengi yasiyorudika hayafutwi kamwe, na walioyaandika ni watu waaminifu kabisa. Ili kuelewa inavyotokea, anzia kwenye seli zinazokuzwa maabarani.

Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, seli zilichukuliwa kwenye uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks bila yeye kuombwa ridhaa. Seli hizo, zilizopewa jina la HeLa, hukua kwa kasi ya ajabu. Tone moja likiingia kwenye chupa ya seli nyingine, baada ya muda chupa yote ni HeLa, na lebo iliyobandikwa nje inabaki vilevile. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba seli kadhaa, ambazo kila maabara iliamini zimetoka katika kiungo tofauti, zilikuwa na alama ya HeLa. Tatizo halikuishia hapo. Seli ziitwazo MDA-MB-435 zilitumika kwa miaka mingi kama mfano wa saratani ya matiti, hadi vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kuwa zinalingana na M14, seli za melanoma, saratani ya ngozi. Waliozitumia hawakumdanganya mtu. Walipima kwa uangalifu mkubwa kitu ambacho sicho.

Panya nao wana mambo yao. Mwaka 2014 timu ya Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, ilionyesha kwamba harufu ya mwanamume, hata ya fulana aliyoivaa tu, huwatia panya mfadhaiko kiasi cha kupunguza dalili zao za maumivu. Basi fikiria dawa ya maumivu iliyojaribiwa na mwanamume katika maabara moja, kisha na mwanamke katika nyingine. Nani angeona haja ya kuandika kwenye makala jinsia ya mtu aliyewashika panya?

Yanayofuata si mzaha. ALS ni ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, na dawa kadhaa zilikuwa zimeripotiwa kurefusha maisha ya panya waliopandikizwa jeni ya ugonjwa huo. Taasisi moja ya Marekani inayotafuta tiba ya ALS ilitumia miaka mitano kujaribu dawa zaidi ya 70 kwa panya 18,000, safari hii ikidhibiti mambo ambayo wengine walikuwa wameyapuuza: idadi ya madume na majike, ndugu wa uzao mmoja, panya waliopoteza nakala za jeni, waliokufa kwa sababu nyingine. Majibu yalitoka mwaka 2008. Hakuna hata dawa moja iliyofua dafu, zikiwemo zile zilizokuwa zimesifiwa. Mojawapo, minosaiklini, ilikuwa imeshajaribiwa kwa wagonjwa 412. Waliopewa dawa hiyo walidhoofika haraka kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Dhana: "Matokeo yana umuhimu wa kitakwimu, kwa hiyo yana uhakika wa 95%"

Hii ndiyo dhana ninayoiona imekita mizizi kuliko zote, hata miongoni mwa waliosoma. Mtafiti anaposema p ni ndogo kuliko 0.05, maana yake ni hii tu: kama dawa haifanyi kazi kabisa, matokeo makubwa kiasi hiki yangeweza kujitokeza kwa bahati chini ya mara 5 katika kila 100. Hajasema lolote kuhusu uwezekano wa dawa yenyewe kufanya kazi. Kwa hilo unahitaji kujua jambo jingine: katika mawazo yote yanayojaribiwa, ni mangapi yana ukweli tangu mwanzo?

Tupige hesabu. Chukua mawazo 1,000, na tuseme 100 kati yake ni ya kweli. Tafiti zenyewe ni ndogo, zenye uwezo wa kugundua nusu tu ya yaliyo kweli. Zitakamata 50. Katika yale 900 yasiyo na ukweli, asilimia 5 yatapita kwa bahati, yaani 45. Kwa hiyo mezani una "ugunduzi" 95, na karibu nusu yake ni hewa, ingawa kila mmoja una p nzuri na hakuna aliyefanya hila. Punguza uwezo wa kugundua uwe asilimia 20, jambo ambalo si geni katika tafiti zenye washiriki wachache, na ya hewa yanazidi theluthi mbili. Hapo ndipo John Ioannidis alipoanzia mwaka 2005, alipoandika makala yenye kichwa kilichodai kwamba matokeo mengi ya utafiti yanayochapishwa si ya kweli. Wapo wanaobishana naye kuhusu ukubwa wa tatizo, lakini hesabu yenyewe haina ubishi.

Ongeza sasa vidole vya binadamu. Mtafiti akigawa wagonjwa wake kwa umri, jinsia, uzito, siku ya kulazwa, na kadhalika, mwishowe kitu kitang'aa tu. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kisa kinachonifurahisha ni cha ISIS-2, jaribio kubwa la mwaka 1988 lililohusisha wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kupata shambulio la moyo. Aspirini ilipunguza vifo waziwazi. Ila watafiti waliwagawa wagonjwa pia kwa nyota zao za kuzaliwa, makusudi, ili kuonyesha hatari ya kukatakata takwimu vipande vidogo. Ikaonekana kwamba kwa wenye nyota za Mapacha na Mizani aspirini haikusaidia, na kama ilikuwa na athari basi ilielekea kudhuru. Hakuna daktari aliyeanza kuuliza wagonjwa nyota zao. Lakini badilisha neno "Mapacha" uweke "wenye kundi fulani la damu", uone kama kichwa cha habari hakitaandikwa.

Dhana: "Makala imepitiwa na wataalamu, basi imekaguliwa"

Mpitiaji husoma kilichoandikwa. Haingii maabara, hafungui friji, na mara nyingi haoni takwimu ghafi. Mwaka 1998 Fiona Godlee na wenzake walichapisha jaribio lao: walichukua makala, wakapandikiza kasoro 8, wakaipeleka kwa wapitiaji wa jarida la tiba la Uingereza, BMJ. Kwa wastani waliona kasoro 2. Hakuna aliyeona zaidi ya 5.

Dhana: "Utafiti uliporudiwa ulishindwa, kwa hiyo wa kwanza ulikuwa bure"

Kushindwa kurudia kunaweza kumaanisha kosa la anayerudia. Kunaweza pia kumaanisha kwamba maelezo ya wa kwanza hayatoshi, na hili ni la kawaida mno. Kituo cha Marekani kiitwacho Center for Open Science, kinachoongozwa na Brian Nosek, kilipanga kurudia majaribio 193 kutoka makala 53 za saratani. Hakuna hata jaribio moja kati ya hayo 193 ambalo makala yake ilikuwa na maelezo kamili ya kuliwezesha kurudiwa bila kuwatafuta waandishi. Wengine walisaidia sana, wengine hawakujibu. Mradi ulipofungwa mwaka 2021, yaliyokamilika yalikuwa majaribio 50 kutoka makala 23.

Na matokeo? Yale ambayo mwanzoni yalidai kuna athari, yaliporudiwa, athari hiyo kwa kawaida ilikuwa ndogo kwa asilimia 85. Angalia hapo: nyingine haikutoweka, ilinywea. Sababu inarudi kwenye hesabu. Utafiti mdogo hauwezi kuvuka kizingiti cha p mpaka uone athari kubwa, kwa hiyo unaovuka ni ule ambao bahati iliupuliza. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.

Dhana: "Tafiti kumi zikisema jambo moja, hilo limekwisha"

Inategemea ni ngapi zilifanyika zikanyamaza. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake walilinganisha tafiti 74 za dawa za sonona zilizosajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, na zile zilizofika majaridani. Mamlaka iliziona 38 kuwa na majibu mazuri, na 37 kati yake zilichapishwa. Nyingine 36 zilikuwa na majibu mabaya au ya mashaka. Kati ya hizo, 22 hazikuonekana popote, 11 zilichapishwa zikiwa zimepambwa zionekane nzuri, na 3 tu zilitoka kama zilivyo. Daktari aliyesoma majarida peke yake aliona karibu kila jaribio limefaulu, wakati ukweli ulikuwa nusu kwa nusu.

Kuna namna nyingine, mbaya zaidi kwa kuwa hata kurudia hakusaidii. Tafiti nyingi zilikuwa zimekubaliana kwamba watu wenye betakarotini nyingi mwilini, kirutubisho kilichomo kwenye mboga na matunda, hupata saratani ya mapafu kwa nadra. Zilirudika vizuri tu. Kisha Ufini ikafanya jaribio la kweli, la kugawa vidonge kwa nasibu kwa wanaume wavutaji sigara 29,133, na mwaka 1994 ikatangaza kwamba waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Wanaokula mboga na matunda kwa wingi hutofautiana na wengine kwa mengi, si betakarotini tu, na kila utafiti ulikuwa ukirudia kosa lilelile. Ukikosea kwa njia ileile mara kumi, utakubaliana na nafsi yako mara kumi.

Dhana: "Basi tusiamini chochote"

Kwanza, waliofichua haya yote ni watafiti. Pili, yapo yaliyosimama. Uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, ambao Richard Doll na Austin Bradford Hill waliuandika mwaka 1950, umejaribiwa kwa kila njia na kwa makundi ya kila aina, na kila mara jibu ni lilelile. Na tiba ya tatizo inajulikana, ingawa haipendezi. Tangu mwaka 2000 ipo daftari ya wazi Marekani, ClinicalTrials.gov, ambamo mtafiti hutaja mapema anachokwenda kupima. Robert Kaplan na Veronica Irvin walitazama majaribio makubwa ya magonjwa ya moyo yaliyofadhiliwa na serikali ya nchi hiyo. Kabla ya mwaka 2000, majaribio 17 kati ya 30 yalionyesha faida. Baada ya hapo, 2 kati ya 25. Hatuwezi kusema ni daftari pekee iliyoleta tofauti hiyo, ila ukishaandika shabaha kabla ya kupiga mshale, ni vigumu kuchora duara pale ulipotua.

Kwa hiyo nikisikia dawa mpya imeshangiliwa, nauliza nani ameirudia, na kwa watu au kwa panya. Nauliza pia kama kuna aliyehesabu matokeo bila kujua nani alipewa nini. Swali hilo la mwisho nimelichukua kwa Begley mwenyewe. Katika zile tafiti 6 zilizorudika, anasema, waandishi walikuwa wamezingatia vikundi vya kulinganishia na ubora wa kemikali zao, walijikinga na upendeleo wao wenyewe, na walieleza takwimu zote walizopata. Katika zile 47 zisizorudika, mara nyingi aliyekuwa akihesabu alijua ni kundi lipi limepewa dawa.