Nafaka Isiyokobolewa: Maana Yake na Nafasi Yake Katika Mlo wa Kila Siku

Nafaka isiyokobolewa ni ile inayosagwa au kupikwa ikiwa na sehemu zake zote tatu, yaani ganda ambalo likitengwa huitwa pumba, kiini ambacho huchipua mbegu inapopandwa, na sehemu kubwa ya katikati iliyojaa wanga. Mahindi yakisagwa hivyo hutoa dona, lakini yakipitishwa kwanza kwenye mashine ya kukoboa, ambayo huondoa ganda na kiini, hutoa sembe.

Kinachoondoka katika kukoboa ni sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki, mafuta ya kiini, pamoja na nyuzinyuzi ambazo hulainisha choo, hushibisha kwa muda mrefu na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Uzito wa hasara hiyo ulionekana mwishoni mwa karne ya 19 kisiwani Java, ambako daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akitafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa unaodhoofisha mishipa ya fahamu na moyo, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, kisha wakipona walipopewa mchele usiokobolewa. Baadaye ikabainika kwamba walichokosa ni vitamini B1, iliyomo kwenye utando unaofunika punje, na mwaka 1929 Eijkman alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli. Kwa familia ambayo ugali hujaza sahani mchana na usiku, huku mboga ikiwa kidogo, naamini hakuna badiliko rahisi kuliko kuhamia dona, hata kwa kuanza kwa kuichanganya na sembe mpaka watoto waizoee.

Hata hivyo, dona hudai uangalifu ambao sembe haiudai. Mafuta ya kiini huharibika upesi na kuupa unga ladha chungu, hivyo ni bora kusaga kidogo kidogo. Jambo kubwa zaidi ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokaushwa vizuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumu hiyo, na wala moto wa jikoni hauiondoi. Kwa hiyo mahindi ya dona yakaushwe sawasawa juu ya turubai, yachambuliwe, na punje zilizooza, zilizovunjika au kubadilika rangi zitupwe. Ng'ombe wa maziwa naye asipewe, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Ganda pia lina faiteti, kemikali inayoyashika madini ya chuma yasifyonzwe vizuri mwilini. Kuchachusha unga kabla ya kupika uji hupunguza faiteti, na kula chungwa, pera au embe pamoja na mlo husaidia mwili kuyapokea madini hayo, ilhali chai inayonywewa wakati wa kula huyazuia, kwa hiyo inafaa isubiri.

Wapo wanaouliza kama sembe iliyoongezwa virutubishi viwandani haitoshi. Inasaidia kweli, kwa kuwa huongezwa chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, lakini nyuzinyuzi zilizoondolewa hazirudishwi.

Kwenye mkate, rangi ya kahawia peke yake isimshawishi mnunuzi, kwa sababu inaweza kutokana na sukari iliyounguzwa. Asome orodha ya viambato kwenye lebo, ambayo huanza na kile kilicho kingi zaidi: iwapo kinachotangulia ni unga wa ngano pasipo kutajwa kwamba haikukobolewa, mkate huo umetengenezwa hasa kwa unga mweupe.