Waangalizi wa uchaguzi hawafuti matokeo

Kila uchaguzi ukikaribia, dhana ileile hurudi: kwamba waangalizi kutoka Umoja wa Afrika au Jumuiya ya Afrika Mashariki huja wakiwa na mamlaka ya kuamua nani ameshinda. Wengine huwasubiri kama waokozi, wengine huwaogopa kama wavamizi. Pande zote mbili zinakosea.

Mwangalizi huenda alikoalikwa. Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 2007 na kuanza kutumika 2012, unazitaka nchi wanachama zenyewe ziialike Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Akifika, hutazama, huuliza, huandika ripoti na kutoa mapendekezo. Hahesabu kura wala hamtangazi mshindi.

Kenya ilitupa mfano ulio wazi kabisa. Baada ya kura ya Agosti 8, 2017, timu nyingi za waangalizi zilisifu jinsi upigaji kura ulivyokwenda. Septemba 1, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais. Waliofuta ni majaji wa Kenya, kwa katiba ya Kenya, baada ya kusikiliza ombi lililofikishwa mbele yao.

Linalonisikitisha ni kwamba dhana hii huficha sehemu ya mkataba iliyo muhimu zaidi kwa mwananchi. Ibara ya 12 inazitaka serikali ziingize elimu ya uraia katika mitaala ya shule. Kazi hiyo ni ya miaka, darasani, waangalizi wakiwa wamesharudi makwao.