Dawa za maumivu baada ya operesheni ya uzazi: maneno ya mtaani na ukweli wake

Tuanze na ile ya "usimeze meze dawa, mshono hautakauka". Wanaambiwa sana wamama waliojifungua kwa kisu, na anayesema mara nyingi ni mama mkwe au shangazi aliyekuja kumuogesha mtoto, kwa hiyo kubisha ni shughuli. Panado na wenzake hazizuii mshono kupona. Shida inaletwa na maumivu yenyewe, maana mama akiumia anaogopa kukohoa, anavuta pumzi nusu nusu, hataki kushuka kitandani, matokeo yake makohozi yanakaa kifuani na damu inaweza kuganda mguuni, na donge likipanda kwenye mapafu hapo hatuongelei kuvumilia tena. Ndo maana manesi wanakuhimiza utembee mapema, na siku zile za mwanzo unameza kwa saa ulizopangiwa, husubiri mpaka ulie.

"Dawa itaingia kwenye maziwa." Inaingia ndiyo, ila ya panado na brufeni ni kidogo sana na anayenyonyesha anaruhusiwa. Za kuogopa ni kodeini na tramado, mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya anayenyonyesha asizitumie kwa sababu kuna watu miili yao inazigeuza haraka sana kuwa kali zaidi, mtoto analala kupita kiasi na kupumua kunakuwa shida. Kwa hiyo jirani akikuletea tramado zilizobaki za mgongo wake, mwambie asante, abaki nazo.

Sasa mtego wenyewe uko hapa. Umetoka hospitali na kibahasha cha panado kimeandikwa 2x3, bado kunauma, mtu anakukimbilia duka la dawa anarudi na diklopa. Ile ndani yake mna diklofenaki pamoja na parasetamoli, ambayo ndo panado hiyo hiyo, ukiongeza na kidonge cha mafua unaweza kuwa umeimeza mara tatu, maana vingi navyo vinayo! Mtu mzima mwisho gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukizidisha unaumiza ini na siku ya kwanza unaweza kujisikia poa kabisa. Geuza karatasi ya vidonge usome kilichomo. Halafu brufeni na diklofenaki ni ndugu, usizimeze pamoja, na kama una vidonda vya tumbo, figo au presha mwambie daktari kabla. Panado na brufeni zenyewe ukiandikiwa pamoja hakuna ubaya, ni njia tofauti na zinasaidiana vizuri.

Ile ya sindano ya ganzi ya mgongoni kwamba utaumwa mgongo maisha yote haina ushahidi. Panapochomwa panaweza kuuma siku chache, basi, mgongo wa baadaye unatokana zaidi na ujauzito wenyewe na kuinama na mtoto. Ila kichwa kikigonga ukikaa na kikatulia ukilala, hiyo kweli inaweza kutokana na sindano na inatibika, rudi.

Na wale wa kufungua rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki, wakamwagia unga kwenye mshono, acheni jamani, ile kapsuli ni ya kumeza tena kwa cheti, unga wake unaganda juu ya kidonda na chini uchafu unaendelea. Mshono ukitoa usaha, ukinuka, ukiachia, au homa ikapanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo wakauangalie.