Sabasaba si Kariakoo yenye kiingilio

Wiki ya mwisho ya Juni ikifika, sisi wa Mtoni hatuhitaji kalenda. Foleni ya Kilwa Road inaanza mapema, makonda wanaita "Sabasaba, Sabasaba, mlangoni kabisa", na kwenye grupu la familia lazima mtu aandike: "Anayeenda aniangalizie blenda." Nimekulia jirani na viwanja vile vya maonesho ya biashara. Nimeingia nikiwa nimebebwa mgongoni, nimeingia na sare za shule, na miaka michache iliyopita nimeingia kama muuzaji. Kwa hiyo dhana nyingi kuhusu maonesho ninazozisahihisha hapa niliwahi kuziamini mwenyewe.

"Sabasaba vitu bei chee, havina kodi"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayojaza daladala. Mzigo unaoletwa kutoka nje kwa ajili ya kuoneshwa tu huingia kwa utaratibu wa muda: forodha inauandikisha, na maonesho yakiisha unarudi ulikotoka. Ukiuzwa hapahapa, ushuru unadaiwa kama wa mzigo mwingine wowote. VAT haijali kama muuzaji yuko bandani au dukani, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni haki yako kuidai. Halafu piga hesabu za mwenye banda: amelipia nafasi, usafirishaji, vijana wa kumsaidia na msosi wao tangu 28 Juni hadi 13 Julai. Fedha hiyo atairudisha wapi kama si kwenye bei?

Kuna kipande cha ukweli lakini. Siku mbili za mwisho, wageni wasiotaka kurudi na makatoni kwao hushusha bei kwelikweli, na ukiwa na subira unapata zulia zuri. Tatizo linakuja baadaye: likiwa na kasoro, utamfuata nani?

Mwaka mmoja nilisimama mbele ya jamaa mwenye maiki shingoni, anachonga karoti kwa kifaa cha plastiki. Karoti zinatoka nyembamba kama uzi, nyanya inakatika bila kumwaga maji, sisi tumejazana, wa nyuma wanachungulia juu ya mabega. "Dukani elfu arobaini na tano, Sabasaba elfu ishirini!" Nikatoa elfu ishirini. Nyumbani kisu kiligoma kwenye karoti ya pili. Kesho yake nikarudi nacho, naye akanishika bega kwa upole kabisa: "Kaka, karoti yako ngumu." Wiki mbili baadaye nikakikuta kifaa hichohicho Kariakoo kwa elfu kumi na mbili. Tangu hapo swali langu la kwanza bandani si bei. Nauliza duka lenu mjini liko mtaa gani. Akianza kuzungukazunguka, napita.

"Sabasaba maana yake maonesho ya biashara"

Jina limetangulia biashara. TANU ilizaliwa hapahapa Dar es Salaam 7 Julai 1954, na kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa pia sikukuu ya wakulima, hadi miaka ya 1990 wakulima walipopewa 8 Agosti yao. Ukimtajia Mkenya Sabasaba na akakunja uso, usishangae. Kwake ni 7 Julai 1990, watu wakidai vyama vingi Kamukunji, Nairobi, na mabomu ya machozi. (Na wale wa "maonyesho" wanisamehe. TanTrade, ambao ndio wenye shughuli, wanaandika maonesho, nami nimefuata mkumbo.)

"Ukipata banda, umeuza"

Mama yangu mdogo anatengeneza achari ya embe, Mbagala. Siku alipopata nafasi kwenye banda la wajasiriamali alitufungasha sote: chupa mia nne, meza, kitambaa cha kitenge, mimi na binamu yangu. Siku ya kwanza watu walionja. Siku ya pili walionja. Kufikia siku ya tano nilikuwa nawajua kwa sura wanaokuja kuonja tu, wengine na kipande cha muhogo mkononi kabisa. Tulifunga tukiwa hatujauza hata nusu, na mama mdogo njia nzima hakusema neno.

Alichokuwa hajakielewa kilitokea siku ya tisa. Alikuja mzee mmoja, hakuonja. Aligeuza chupa akasoma nyuma, akitafuta alama ya ubora.

"Mama, TBS?"

"Iko njiani, baba."

"Barcode?"

Kimya.

"Haya, kwa mwezi unaweza kunitolea katoni ngapi?"

Mama mdogo akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua idadi ya maembe Mbagala. Mzee akaandika namba yake nyuma ya kipeperushi, akaondoka. Yule ndiye tuliyekuwa tumemfuata pale bila kujua. Banda ni mahali pa kuonekana na anayenunua kwa katoni, na mtu huyo hana haja na kijiko chako cha kuonja. Anataka kujua kama mwezi ujao utakuwepo.

Uzuri ni kwamba majibu ya maswali yake yote yalikuwa hatua chache kutoka mezani kwetu. BRELA wanakuwepo na wanasajili jina la biashara. TRA wanatoa TIN, namba ya mlipakodi, na TIN ni bure, asikudanganye mtu. SIDO, waliopo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama cha mama mdogo, wanaeleza habari za vifungashio. Wengi bado wanaulizia "TFDA" kwa ajili ya chakula, ilhali kazi hiyo ilihamia TBS mwaka 2019. Na barcode inayoanza na 620 ndiyo namba iliyotolewa Tanzania. Sisi tulikaa nyuma ya meza siku zote tukilinda chupa, hatukuzunguka hata mara moja. Mzee yule alipigiwa simu Desemba, alama ya TBS ilipopatikana. Alikumbuka.

"Maonesho ya mitindo ni kuangalia wanamitindo, nguo zenyewe nani atavaa"

Hapa nitakuwa mfupi maana si fani yangu. Swahili Fashion Week, aliyoianzisha mbunifu Mustafa Hassanali hapa Dar mwaka 2008, watu wengi wanaijua kwa picha za jukwaani tu. Nguo ya jukwaani mara nyingi hutiwa chumvi makusudi ili wazo lionekane kutoka kiti cha mwisho. Biashara inafanyika pembeni, pale fundi anapokupima na kukuambia kwamba bega lile litapunguzwa na mpasuo utashuka. Anayesimama pale kupimwa ni yuleyule mzee wa katoni, ila huyu kavaa vizuri.

"Maonesho ya utalii ni ya Wazungu"

Nusu ya dhana hii inaeleweka. Maonesho kama S!TE, ambayo Bodi ya Utalii iliyaanzisha hapa Dar mwaka 2014, yamejengwa juu ya mikutano ya kibiashara: wakala kutoka nje anakaa meza moja na mwenye kambi ya Selous au hoteli ya Kilwa, wanajadili msimu wa mwakani. Ukienda ukitarajia kununua tiketi ya bei poa utaona kama umeingia kikao cha watu.

Lakini si lazima ukaanzie huko. Banda la Maliasili la Sabasaba, lile ambalo watoto wanasukumana kumuona simba, lina watu wa hifadhi wanaoweza kukutajia kiingilio chako wewe, kwa shilingi. Raia wa Afrika Mashariki analipa sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Nina jirani mwenye umri wa miaka sitini aliyekuwa akiamini Hifadhi ya Mikumi inalipiwa kwa dola tu. Amepita katikati yake kwa basi la Mbeya maisha yake yote, akihesabu swala dirishani.

"Nanenane haituhusu watu wa Dar"

Kwanza Nanenane, maonesho ya wakulima ya 8 Agosti, si moja. Ya kitaifa huwa na mkoa wake, kama Dodoma pale Nzuguni mwaka 2024 na 2025, na kanda nazo zina zao. Dar es Salaam iko Kanda ya Mashariki pamoja na Pwani, Tanga na Morogoro, na viwanja vyetu viko Morogoro mjini. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, unaenda asubuhi na kurudi jioni. Na mji huu unalima jamani. Mchicha na matembele ya bonde la Msimbazi tunayala kila siku, nyuma ya mageti ya Kitunda kuna kuku wa nyama, na nusu ya watu ninaofanya nao kazi wana "kashamba" Chanika, Mkuranga au Kibaha.

Hao wenye kashamba ndio wanaokumbwa na dhana ya mwisho: kwamba mahindi ya kwenye vipando, yaani vishamba vya mfano vya maonesho, yenye magunzi kama mkono wa mtu, ama ni ya GMO (mbegu iliyobadilishwa vinasaba) ama ni mbegu ya miujiza. GMO haijaruhusiwa kuuzwa kwa wakulima nchini. Hata majaribio ya Makutupora, Dodoma, serikali iliyasimamisha mwaka 2018. Ile ni chotara, yaani mazao ya kuchavusha aina moja ya mahindi kwa nyingine. Ni mbegu nzuri, ila ukirudia kupanda ulichovuna, kizazi cha pili kinatoka kila mmoja na kimo chake. Halafu kila mbegu ina kwao. Zile zinazoanza na UH ni za Uyole, Mbeya, na UH615 imezoea miinuko, si joto la Chanika.

Nilijifunza hayo nikiwa nimeshatoa hela mfukoni. Dada wa bandani akanizuia.

"Shamba liko wapi, kaka?"

"Chanika."

Nikamuuliza mahindi haya ya bandani wameyapanda lini. Wiki ya kwanza ya Mei, akasema. Agosti yote ni kiangazi, majani ya nje ya uzio yamekauka, haya ya ndani ni kijani kibichi. Akafunua majani kwa mguu: mpira mweusi umelala kwenye mstari, kila shina na tundu lake la matone.

"Hapa ni asubuhi na jioni. Wewe una kisima?"

"Sina."

"Basi rudisha hela yako. Chukua mbegu ya Staha, ya ukanda wa joto, kilo mbili, angalia lebo ya TOSCI, wathibitishaji wa mbegu, kwenye mfuko, usubiri masika."